Sifa za Puli Iliyolegea

Puli ya krankishafti hufungwa kwenye ncha ya mbele ya injini kwa bolti moja kubwa, na maadamu imekazwa sawasawa haina habari ya kusimuliwa. Huzunguka, huvuta mikanda, basi. Ikilegea ndipo inapopata tabia, sauti na cheo. Hitilafu nyingine zina watu wa kuzitaja kila siku: gasketi iliyoungua hujulikana kwa moshi wake mweupe, betri iliyokufa kwa ukimya wake. Puli iliyolegea hufanya kazi kubwa kuliko zote mbili, na malipo yake ni kusingiziwa jina la ugonjwa mwingine.

Makao yanayoifaa zaidi ni motohomu, gari lenye kitanda, jiko na choo ndani yake. Mfano mzuri ni GMC Motorhome, lililoundwa Marekani kwa matoleo ya mwaka 1973 hadi 1978. Lilikuwa na urefu wa futi 23 au 26, likavutwa kwa magurudumu ya mbele na injini ya Oldsmobile ya V8 yenye inchi za ujazo 455, karibu lita 7.5, miaka ya mwisho likapewa injini ndogo zaidi ya 403. Sehemu ya juu ya injini hiyo hufikiwa kwa kufunua kifuniko cha sakafu, ndani ya gari. Kwa hiyo puli ikianza kugonga, haigongi huko mbele chini ya boneti kama kwenye magari ya watu wa kawaida. Hugonga sebuleni, hatua chache kutoka kitandani. Ni kasoro gani nyingine yenye adabu ya kumfuata mwenye gari hadi nyumbani kwake?

Ina uadilifu pia. Mikanda huendesha alteneta, pampu ya maji, pampu ya pawa stelingi na kompresa ya kiyoyozi, na puli ikiyumba hakuna anayebaguliwa. Mkanda hulia, humwaga vumbi jeusi, mwishowe huruka. Taa ya betri huwaka, mshale wa joto hupanda, usukani huwa mzito, na abiria hutoa jasho. Wote hupata fungu lao, dereva kwanza.

Lakini kipaji chake kikuu ni kuigiza. Mlio wake mzito wa ngo-ngo-ngo, unaosikika hasa injini ikiwa sailensa, hufanana mno na mlio wa konrodi iliyoua beringi. Fundi mwenye haraka akiusikia hutoa hukumu papo hapo: injini ishuke. Kwa ajili ya bolti moja, watu wazima na akili zao wameshanunua injini nzima. Hakuna kipuri kingine cha bei hiyo kilichozilisha gereji kwa ukarimu namna hiyo.

Kazi yenyewe huanza kwa unyenyekevu. Injini ya V8 ikizunguka mara 600 kwa dakika hupata misukumo 40 ya moto kila sekunde, na kila msukumo huipinda krankishafti kidogo kisha kuiachia. Ili kumeza mitikisiko hiyo, ncha ya krankishafti huvishwa kitovu cha chuma, pete ya mpira na ringi nzito ya nje. Puli ya mikanda hufungwa juu yake kwa bolti ndogo. Bolti ya katikati ikipoteza mkazo, kitovu hupata nafasi ya unywele. Unywele huo hutosha. Kii, kile kipande kidogo cha chuma kinachokizuia kitovu kisiteleze, huanza kupigwa huku na huku, na mfereji wake hupanuka siku hadi siku bila kelele za kujitangaza.

Anayetaka kuifichua asianze kwa spana, aanze kwa tochi. Vumbi jekundu la kutu kuzunguka kitovu ni ushahidi wa vyuma viwili vinavyosuguana. Injini ikiwa imezimwa, puli ishikwe kwa mikono miwili na kutikiswa. Isicheze hata kidogo. Kisha uchorwe mstari mmoja wa chaki kutoka kwenye kitovu, kupita juu ya mpira, hadi ringi ya nje. Baada ya mwendo mfupi, mstari ukikatika penye mpira, mpira umeachia, na alama ya taiming iliyo kwenye ringi imekuwa mwongo. Mwishoni mikanda ivuliwe na injini iwashwe kwa muda mfupi tu, kwa kuwa pampu ya maji haizunguki. Mlio ukitoweka kabisa, washukiwa wa kwanza ni alteneta na wenzake. Ukibaki, puli bado haijaachiwa huru, na konrodi pia.

Matengenezo hudai heshima. Waya wa betri huchomolewa kwanza. Kitovu huvutwa kwa pula iliyoshika kitovu chenyewe, kwani ukivuta ringi ya nje unaung'oa mpira. Na nyundo ikae mbali, maana kila pigo hufika kwenye beringi za ndani. Kii, bolti na washa yake hubadilishwa bila huruma. Oili sili hukaguliwa, kwa sababu mdomo wake hulala juu ya kitovu. Mfereji wa kii ukiwa umepanuka, bolti mpya itanunua wiki chache tu: krankishafti ikarabatiwe kwa fundi wa mashine au itafutwe nyingine. Wapo wanaojaza gundi na kukaza kwa nguvu zote, na hao ndio wafadhili wakubwa wa puli iliyolegea, kwani huihakikishia safari ya pili.

Meno ya flaiwili huzuiliwa injini isizunguke, kisha bolti hukazwa kwa spana ya kupima mkazo hadi kipimo cha kitabu cha injini husika. Bolti ndogo za puli hufuata, mikanda hunyooshwa kwenye mstari mmoja, na taiming hupimwa upya ikiwa ringi imebadilishwa. Baada ya kilomita mia kadhaa kifuniko hufunuliwa tena, na mstari mpya wa chaki hukaguliwa.