Mhadhara wa Notisi kwa Wenye Nyumba wa Tongoni

Waheshimiwa wenye nyumba, wenye mabanda ya uani, na wewe mzee uliyekalia kiti changu, mbele yenu amesimama Mtaalamu. Cheo hiki sikupewa na chuo, vyuo viliniogopa. Kuanzia hapa Tongoni hadi Kigombe hakuna ajuaye kumtoa mpangaji kama mimi, na wote niliowatoa, kwa bahati mbaya, bado wamo.

Somo letu ni notisi. Nimefanya utafiti barazani kwenu na nimeona aibu. Bi mkubwa mmoja huamka alfajiri akafagia uwanja mpaka kizingitini kwa mpangaji, vumbi lote likaingia ndani, huku akisema na kuku: "Wengine hata haya hawana!" Hiyo kwake ndiyo notisi. Mwingine hudai mwanawe anaoa, anataka chumba. Bwana harusi yuko darasa la tano. Yupo pia yule ambaye LUKU yake ni moja kwa vyumba sita: huzima swichi kubwa, akafunga boksi, akaenda na ufunguo harusini Pangani. Na juzi bwana mmoja kapanda na nyundo, kang'oa bati tatu juu ya kitanda cha mpangaji. Nilimpongeza kwa ufundi. Usiku uleule mvua ikashuka, maji yakafuata ukuta, yakaishia kwenye godoro lake mwenyewe.

Sasa sheria. Ninayo hapa kwapani, Sheria ya Ardhi, namba 4 ya 1999. Siifungui ovyo, isije ikachakaa. Inasema, na inaniuma kuwaambia, kwamba mtu akikaa kwako kwa kodi, hata msipoandikiana, tayari ni mpangaji, na upangaji wake unakwenda kwa kipindi kile mnachohesabia kodi. Ukitaka atoke, notisi isipungue kipindi hicho, tena iishie siku ya kulipa kodi. Kodi ya mwezi, notisi ya mwezi. Tuseme hulipa kila tarehe 1, nawe umempa barua tarehe 15 Machi. Unadhani tarehe 15 Aprili anafunga virago? Thubutu! Ni tarehe 1 Mei, na mpaka hapo choo na kisima ni vyake kama vyako.

Najua mnachonong'ona. Ile Sheria ya 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba si ilifutwa 2005? Ilifutwa, ndiyo, na wenye nyumba mkala pilau mkidhani notisi nayo imezikwa. Haikuzikwa. Na mkishindwana na mpangaji, haamui mgambo wala mganga: lipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kwa sheria ya 2002.

Mtaniambia mambo ya barua ni mageni pwani hii. Kweli, Vasco da Gama alipopita 1499 aliiteketeza São Rafael kwenye miamba yetu hapo nje, akaenda zake bila kumuaga mtu. Lakini yule hakuwa na mkataba, wala hakuacha ndoo na jiko uani. Wapangaji wa kweli wasiohamishika ni wale wa magofuni, penye makaburi ya nguzo, na hao hata mimi sijathubutu kuwaandikia.

Bi mkubwa anauliza barua inaandikwaje. Jina lake, chumba chake, siku ya kutoka, sahihi yako. Nakala moja yako, moja yake. Akikataa kupokea, mwenyekiti wa mtaa ashuhudie. Ada yangu ni elfu tano, risiti sitoi.

Bwana wa bati, teremsha mkono, swali lako nalijua. Ngazi iko kwa fundi Saidi. Mpangaji wako ana haki ya kulala mkavu mpaka tarehe 1, na wingu lile la baharini halisubiri notisi.