Nauli ya Kwenda Kutazama Mawe

Mama alikuwa anaanika udaga juu ya jiwe lililo nyuma ya nyumba yetu, Nyakato, nilipomuaga kwamba naenda Kenya kutalii. Akauliza naenda kuona nini. Nikasema mawe. Akanyamaza, akageuza kipande kimoja cha muhogo, kisha akaniambia taratibu, kama anayeongea na mgonjwa: "Baba, mawe?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Mwanza mtu akitaka kujenga huanza kwa kugombana na mwamba. Jirani yetu mmoja alilichomea jiwe lake matairi wiki nzima ili lipasuke, likaishia kuwa jeusi tu.

Nikamweleza kwamba haya ya Thimlich Ohinga, kule Migori, yamepangwa na watu tangu karne ya 16 hivi: kuta zinazofika mita 4, jiwe limeshikwa na jiwe, bila saruji wala udongo. Mwaka 2018 UNESCO ikaziingiza kwenye Urithi wa Dunia.

"Hata fundi wa choo chetu hakuweka saruji," Mama akasema. "Kilisimama miezi minne."

Basi la alfajiri, Bunda, Sirari, muhuri, Migori. Kijana wa bodaboda akanitajia bei: elfu moja. Kwa kilomita 40 na ushee! Nilipanda haraka asije akabadili mawazo, nikacheka kimoyomoyo njia nzima, vumbi likiniingia mdomoni. Tulipofika nikamkabidhi buku yangu. Akaigeuza mbele na nyuma, akanirudishia kwa upole, kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mtoto wa jirani. Elfu yake ilikuwa ya Kenya. Kwangu mimi ni kama elfu ishirini.

Jina la mahali hapo, kwa Kidholuo, linabeba maana ya msitu mzito wa kutisha. Msitu haukunifanya kitu. Kilichonipata ni lango. Ni jembamba, tena fupi, na mimi nilikuja na tumbo langu pamoja na begi mgongoni. Kwanza paji la uso likagonga jiwe la juu.

"Pole, mzee," mwongozaji akasema kutoka upande wa ndani. "Walilifanya fupi makusudi. Adui lazima ainame, na akishainama, walinzi wanammaliza."

Nikainama. Begi likanasa. Mbele siendi, nyuma sirudi, na nyuma yangu darasa zima la watoto waliokuja ziara wamepanga foleni kwa adabu, wakiutazama upande wangu ambao sikuwa nimeuandaa kwa wageni. Mmoja akasema neno kwa Kidholuo. Darasa likaangua kicheko. Nilimwomba mwongozaji anitafsirie. Akaanza kunieleza habari za mifugo.

Ndani, kwenye mwamba, kuna vishimo vya bao vilivyochongwa. Hapo nikawaelewa wazee wale. Kwa lango lile, mlinzi angekuwa na kazi gani nyingine?

Nilirudi nyumbani na nundu. Mama akaipapasa kwa kidole chenye unga wa udaga, kisha akachukua simu aone picha. Akazitazama moja moja, muda mrefu, akizikuza.

"Yamepangwa vizuri," akasema, akinirudishia simu. "Ila pa kuanikia sipaoni."