Kwa Waheshimiwa Wakaguzi wa Filamu

Mabwana na Mabibi Watukufu,

Kutoka Matombo, ubavuni mwa milima ya Uluguru, naomba idhini niwaarifu ya kuwa watazamaji wa huku, ambao kwa wingi wa uchu huketi juu ya mabenchi ya kibanda umiza hata migongo ikafa ganzi, wanaitukuza kazi mliyokabidhiwa kwa Sheria Namba 4 ya mwaka 1976, ya kuyakinga macho yetu na madhara. Waziri Mkuu wa wakati ule alikuwa marehemu Rashidi Kawawa, naye, kabla siasa haijamtwaa, alikuwa stelingi wa filamu ya Muhogo Mchungu. Basi sijui nchi nyingine ambayo stelingi mwenyewe alishika serikali iliyompelekea mkaguzi.

Dai letu ni dogo. Urefu wa sketi mnaupima, na ahsanteni. Urefu wa hadithi hapana aupimaye. Zama za diski za Bongo Movie, kisa ambacho bibi angekimaliza kabla maharage hayajaiva kilipasuliwa sehemu ya kwanza na ya pili, kila moja kwa bei yake. Na ili vipande vijae, gari la tajiri lilionyeshwa likitoka nyumbani, likipita barabarani, likifika, likipiga honi, na mlinzi akifungua geti kwa utulivu wa mtu alipwaye kwa dakika. Dhuluma hiyo ilipita mbele yenu salama salimini, maana haikuvaa nguo fupi. (Marehemu Steven Kanumba, aliyetutoka Aprili 2012, tulimsamehe hata geti, kwa sababu alijua kulia.)

Tamthilia za wageni nazo zina hukumu yake. Ile ya Kituruki ambayo Azam waliitia sauti za Kiswahili na kuiita Sultan, kwao ilimuudhi Erdoğan, akalalama mwaka 2012 kwamba Sultani Suleiman aliishi juu ya farasi, si kasrini kama aonyeshwavyo. Matombo hatukushughulika na farasi. Waluguru huhesabu ukoo kwa mama, na ardhi hufuata njia hiyo hiyo, kwa hiyo kina mama waliomwona Hurrem, mkewe Suleiman, akikesha kwa fitina ili mwanawe arithi kiti cha baba, walitazamana kwa huruma, na mmoja akauliza: “Kwani watoto hawa hawana wajomba?” Sijasikia uhakiki uliopita huo, wala sidhani kama katika kanuni zenu kuna kifungu cha kumkagua mjomba asiyekuwapo.

Ama filamu za Fast & Furious, zilizoanza mwaka 2001 na vijana waliovizia malori ya vyombo vya umeme, zikapanda hadi ya tisa, mwaka 2021, ambamo gari lilifika anga za juu, hizo nasihi zisiguswe. Hazina funzo, wala hazijidai kuwa nalo, ilhali zetu, baada ya saa mbili za ulozi na usaliti, humsimamisha mzee mmoja atuhutubie juu ya maadili kana kwamba sisi ndio tuliozini. Tena mfasiri wetu wa kibandani, mrithi wa fani ya Lufufu, huzitengeneza upya: Vin Diesel kwake ana shangazi Kariakoo na deni la kodi ya chumba, na kila akikanyaga mafuta tunajua anamkimbia mwenye nyumba. Mambo hayo hayamo katika nakala mliyoipitisha, nayo ndiyo tuliyoilipia.

Kwa hiyo twawaalika mje mketi nasi, mkate filamu pale ambapo benchi zima limeanza kupiga miayo. Ila mfike kabla ya masika, kwa kuwa gari la serikali, lijapokuwa imara namna gani, halikuandikiwa na watunzi wa Fast & Furious.

Wenu mtiifu,
Mtazamaji wa benchi la mbele,
Matombo.