Sifa za Mfuniko wa Menholi

Huku Migori mtu akijenga, wageni husifu geti, kisha mabati, kisha kabro za uani. Sijamsikia hata mmoja akisema, "Omera, mfuniko wako wa menholi umetulia." Deni hilo nalilipa leo.

Usiudharau kwa kuuona umelala chini, una ukoo. Kule Roma, kwenye kanisa la Santa Maria in Cosmedin, kuna uso wa marumaru uitwao Mdomo wa Ukweli. Husimuliwa kwamba mwongo akitia mkono kinywani mwake hung'atwa. Wajuzi wengi hudhani uso huo zamani ulikuwa mfuniko wa mtaro. Kuwaumbua waongo, basi, ni kazi ya jadi.

Una subira. Probox hupita juu yake, watoto huufanya ngoma, kuku huota jua hapo asubuhi. Siku ya matanga hubeba viti na wazee watatu, na ya chini yake haumwambii mtu.

Una zuhudi pia. Ulipokuwa wa chuma ulipendwa mno. Wapenzi wake walikuja usiku na gunia. Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu, lakini wangu haukuwa umengoja serikali: ulikwisha kugeuka zege, na masikio mawili ya nondo. Tangu hapo hakuna aliyeuposa.

Aliyekosa adabu ni mimi. Fundi wa kabro alipoufikia aliinua kichwa: "Boss, huu tuufanyeje?" Nikamwambia, funika. Kabro zikapita juu, ua ukang'aa, nikawaalika wakwe kutoka Homa Bay waje waone binti yao anakaa wapi.

Walifika Aprili, pamoja na mvua. Kabla ya chakula kuiva, choo kilikataa. Fundi akaitwa, akaja na mtaimbo, akawa anagonga sakafu na kutega sikio kama daktari kifuani pa mgonjwa. Alifukua pa kwanza, sipo. Pa pili, sipo. Pa nne ndipo, na harufu ikatangulia kumsalimu baba mkwe. Mzee alitazama kando, kwa heshima zote.

Baadaye ndipo nilipofunzwa mfuniko unavyotunzwa. Ukuta wa chemba huongezwa matofali mpaka fremu ilingane na uso wa kabro, si kwa jicho bali kwa pimamaji. Ua hupewa mteremko ili maji ya mvua yaupe mfuniko mgongo. Anayeona haya hununua mfuniko wa sinia, akaujaza vipande vya kabro zilezile. Haya zake zinasitirika, na mahali pa kuuinulia pamebaki wazi. Wa Homa Bay kwenye udongo mweusi, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, wachimbe wautoe kwanza, washindilie moramu. Vinginevyo kabro zitacheza na mfuniko utachomoza kuwashitaki.

Wangu sasa uko katikati ya ua, peupe. Mke wangu aliuwekea chungu cha maua, nikakiondoa. Desemba baba mkwe alirudi. Akalipita geti, akayapita mabati, akasimama mbele yake na kuugusa kwa ncha ya bakora.

"Mkwe wangu," akasema, "naona mlipatana."