Chomeka Pale Pale

Mwandishi wa maelekezo ya kroshia, umeandika "chomeka sindano pale pale." Pale pale wapi, mwenzetu? Kichwa cha mshono kina nyuzi mbili. Ukishika ya nyuma peke yake, kitambaa kinaota matuta. Chini ya kichwa hicho kuna shina, nalo huzungukwa kwa mbele au kwa nyuma. Kati ya shina na shina kuna uwazi. Na zile cheni 3 za kuanzia safu, mara zinahesabiwa mshono, mara hazihesabiwi, kutegemea ulivyoamka.

Mama zetu waliovisha makochi ya mtaa mzima hawakuandikiwa kitu. Waliazima kitambaa cha jirani, wakakigeuza, wakahesabu matundu. Wiki ya pili jirani anakaribishwa chai, anakuta kochi la wenyewe limependeza kuliko lake.