Haina Kikomo, Baba

Ujumbe uliingia usiku, penalti ikiwa inataka kupigwa: "Mpendwa mteja, tumeboresha huduma yako." Kampuni ikikuambia imekuboreshea, shika mfuko wako.

Papo hapo picha ikagoma. Mpigaji akabaki mguu hewani, kipa kakodoa macho, kiduara kinazunguka katikati ya goli. Majirani waliojaa sebuleni wakanigeukia mimi, mwenye kujitapa mtaa mzima kwamba nalipia intaneti isiyo na kikomo.

Nikapiga huduma kwa wateja. Baada ya muziki mrefu, binti akapokea kwa adabu zote.

"Intaneti yako haina kikomo, baba. Chenye kikomo ni kasi."

"Tangu lini?"

"Tangu leo. Ukivuka kiwango cha matumizi ya haki, unapunguziwa."

"Kiwango chenyewe ni kipi?"

"Kiko kwenye vigezo na masharti."

"Nayasoma wapi?"

"Yapo mtandaoni, baba."

Masharti kubadilika njiani si jambo geni kwetu Tabora. Enzi za misafara, hongo ya kupita iliyomtosha mtemi wa Ugogo jana haikuwa lazima imtoshe leo. Unapiga kambi, unahesabu upya doti zako za merikani. Mwaka 1871 mtemi Mirambo aliifunga kabisa njia ya Ujiji. Stanley, mwandishi aliyekuwa akimtafuta Livingstone na kukwama hapo Kwihara, ikabidi azungukie kusini ndipo amfikie. Angalau Mirambo hakumwandikia kwamba ameiboresha njia.

Dawa waliijua wapagazi wa Kinyamwezi. Mtu ana mzigo wa kilo 30 begani, unampunguzia posho? Anautua, anakaa. Ukikaza shingo, asubuhi unakuta mizigo ipo, wabebaji hawapo. Hata Aprili 2021, bei mpya za vifurushi zilipoanza, nchi nzima ilitua mzigo: watu walilalamika mitandaoni kwa bando lile lile lililokuwa likiwaishia, na Serikali ikazisitisha bei hizo.

Nikasimama sebuleni kuwaeleza majirani haya yote, na kwamba nami leo natua mzigo. Nilipofika kwa Mirambo, mwanangu alikuwa keshachukua simu yangu na kubonyeza 1, kununua kasi ya ziada. Salio likakatwa. Picha ikarudi, inang'aa, lakini ilikuwa mapumziko. Lilikuwa linapita tangazo la kampuni ile ile, la intaneti isiyo na kikomo, na halikukwama hata kidogo.