Mtambaapanya kwa Pesa Zangu

Naezeka vyumba viwili huku Kisauni, na tangu fundi apande ukutani sijui kama nalipia mbao au nalipia maneno. Leo simu imelia kabla sijanywa chai: "Mzee, mtambaapanya haujatosha." Huo ni ubao unaolazwa juu ya ukuta, kenchi zikaukalia. Aliyeupa jina alikuwa mkweli, panya ndiko apitako. Yaani panya wa Kisauni ajengewe barabara, na mimi mlipaji nifike mlangoni kwa kuruka madimbwi!

Na kenchi zenyewe sizigombi. Ule ubao wa chini huzishika mbili za mshazari zisitanuke zikasukuma kuta nje. Ukiubania leo, nyumba itakudai kesho. Lakini fundi akasema yataka "king posti". Nikauliza ni mdudu gani. Kumbe ni nguzo ya katikati! Mbona asiseme nguzo? Kwa sababu bei ya nguzo naijua.

Kilichonichoma hasa ni pau, zile mbao zinazopita juu ya kenchi ili mabati yapigiliwe. Kwenye bili zimo, juu kabisa. Nikateremka na kidole, huko chini nikakuta "palini". Ni mbao zile zile, bwana, zimebadilishwa jina na kutiwa bei ya pili. Kumuuliza, akaniambia hayo ni mambo ya kiufundi.

Zamani kule Likoni watu waliezekea mikoko na makuti. Miti ya Lamu ilikuja na majina kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Jina lenyewe lilikuwa kipimo, na ukitajiwa boriti hukupokea fito ukanyamaza. Hata upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti, si na tamaa ya mwenye nyumba. Siku hizi twanunua mbao za bara, na serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu yake mwaka 2018, bei ilipaa hata kabla ya mapaa yetu.

Nawe unayejenga Changamwe, usilipe bili ukiwa umesimama chini. Mwambie fundi aguse kila kitu alichokiandika, kimoja kimoja, kwa nyundo. Asichokigusa, kifute.